Mtoto wa Miguu Mitatu

Ukitaka usiamini, ruksa. Lakini mwaka sitini na nane, pale Korogwe, mtoto mwenye miguu mitatu alitoka kliniki ya akina mama mchana kweupe. Alikuwa mgongoni, kafunikwa kanga gubigubi. Akapita getini, akabarikiwa na mtu, akaenda zake. Hakuna aliyeshtuka. Watu walikuja kushtuka baadaye, na kilichowashtua wala si mtoto. Ni damu.

Ilikuwa Ijumaa, wanaume wametoka msikitini, jua la Korogwe limekaa utosini. Chausiku, binti anayefua nguo za kliniki, akaingia chumba cha kufulia kumalizia mashuka. Akainua kifuniko cha mashine kubwa.

Maji mekundu. Mekundu mpaka ukingoni! Na ule mti wa katikati unaokoroga nguo haupo.

"Wamemsaga mtu!" Chausiku alitoka mbio, kandambili moja mguuni, moja mlangoni. "Jamani, mumiani! Wamemsaga mtu!"

Sasa wewe wa leo unaweza kucheka. Zamani zile neno mumiani halikuwa mchezo. Watu waliamini kabisa kuna wanyonya damu wanaotembea wakikamata watu. Kabla hujasema bismillahi, uwanja wa kliniki umejaa. Na pale kwenye ua, juu ya michongoma, wakaona shuka la Kimasai limeanikwa, bichi, linachuruzika. Mwenye shuka kakaa chini ya ua kifua wazi. Kijana mrefu kutoka nyika za Handeni, jina lake Parit.

Hawakumuuliza kitu. Walianza na mateke.

Sajini Mhina wa polisi Korogwe alifika na Landrover akamkuta Parit kafungwa kamba ya mkonge, jicho moja limefumba. Mhina alikuwa mtu mzima wa kitambi kidogo, mpole, anayeuliza swali halafu anasubiri mpaka unaona aibu kunyamaza.

"Nani kafa?" akauliza.

Watu wakatazamana.

"Nauliza nani kafa. Jina."

"Afande, maji si unayaona!" akadakia mtu.

"Sijayaona bado. Nipisheni."

Akaingia. Na hapo ndipo Sajini Mhina, aliyewahi kushika wezi wa ng'ombe na majambazi wa reli, alisimama mdomo wazi kama mtoto mbele ya treni. Hajawahi kuona mashine ya kufulia maishani mwake! Zilikuwa mbili, nyeupe, nene, zinafunguliwa kwa juu kama sufuria. Zamani zilikuwa kwa meneja Mzungu wa shamba moja la mkonge upande wa Makuyuni. Mashamba yalipotaifishwa Mzungu akaondoka, mashine zikaletwa kliniki.

Aliyemweleza ni Bi Mwantumu, mkuu wa wafuaji, mama wa Kizigua wa makamo, mikono imejaa makovu ya magadi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii kubwa tunaiita Bibi. Ile ndogo ni Kijana."

"Na kilichopotea ni nini?"

"Mchi wa Bibi. Tunauita mchi kwa vile unasimama katikati kama kwenye kinu. Mweusi, mgumu kama pembe, mrefu hivi." Akapima kutoka kiganjani mpaka begani. "Chini una mapezi matatu mapana. Ukiwashwa unakwenda taratibu, kiuno huku, kiuno kule, kama bibi anayecheza ngoma ya selo. Shuka linazama, linaibuka, linazama. Linatoka jeupe, halina hata uzi uliokatika. Afande, mimi siku ya kwanza niliketi chini nikalia."

"Na wa Kijana?"

"Ah, huyo!" Akasonya. "Wa bati, mfupi, mapezi manne. Unakwenda papara, tatatata! Nguo anazisokota, anazichana. Shuka moja likiingia, yanatoka matambara mawili."

Mhina akachungulia ndani ya Kijana, akaona kweli, mapezi manne mafupi ya bati. Akarudi kwa Bibi. Katikati ya maji mekundu kulikuwa na bomba, na juu ya bomba, nje ya maji, kimechomoza chuma cha meno meno kama gia. Hapo ndipo mchi huvalishwa. Akachovya kidole majini, akanusa, akakisugua na gumba.

"Chausiku, njoo. Sugua hii."

"Sitaki, afande!"

"Sugua, mwanangu."

Chausiku akasugua macho kafumba. Akayafumbua. "Mbona inateleza?"

"Mafuta. Na chini, ona." Mhina alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko akaibuka na tope jekundu. "Damu haizami ikawa matope. Huu ni ule udongo mwekundu ambao Wamasai huuchanganya na mafuta wakajipaka. Hakuna aliyekufa hapa."

Akatoka kuwaambia watu. Wapi! Walimzomea. "Huo mchi uko wapi basi? Si wameuficha kwa sababu ndio uliosaga!" Mhina akaona akimwacha Parit pale, kweli mtu atakufa. Akampakia kwenye Landrover.

Kituoni mkubwa wake hakutaka hadithi ndefu. Jumatatu lori linakuja kumchukua Bibi kumpeleka Handeni, kwenye zahanati mpya ya kijiji cha ujamaa. Amri imeshatoka: ile iliyo nzuri iende Handeni, ndogo ibaki. Sasa iliyo nzuri haina mchi. Hiyo ni hujuma dhidi ya mali ya umma.

"Mhina," mkubwa akasema, "Jumatatu mtu atakwenda Tanga na pingu. Usiponipa mwingine, anakwenda huyu Mmasai."

Na Parit je? Parit alikuwa hasemi! Ukutani kaegemea, anaangalia dari.

"Ulifanya nini kwenye chumba kile?"

Jicho halikutoka darini.

"Mkeo Nailantei yuko wodini. Kajifungua mtoto wa kiume, baada ya ninyi kumleta kwa machela kutoka nyikani huko. Sista Raheli wa wodi hiyo kaniambia hujamwona mwanao hata mara moja. Kwa nini?"

Jicho zima la Parit likamgeukia. "Sista alikataa. Alisema udongo na mafuta haviingii wodini. Nilikaa getini."

"Basi ukaenda kulifua shuka lako ili uingie."

Parit akatupia jicho mlangoni haraka, kama anayeogopa kusikiwa. Mhina akaelewa! Huyu kijana yuko radhi apelekwe Tanga kwa kosa la hujuma kuliko kukiri kwamba yeye, mwanaume wa Kimasai mwenye mke na ng'ombe, kafua nguo. Rika lake wakisikia watamtungia wimbo, na wimbo huo utaimbwa mpaka wajukuu.

Mhina akafunga mlango, akasogea, akanong'ona. "Unaona hii kombati yangu? Mke wangu yuko kwao Lutindi kwa mama yake, anauguza. Unadhani nani anaifua?"

Parit akaiangalia kombati. "Askari wako."

"Mimi. Nafunga mlango, nafua. Na soksi."

Mara Parit akaanza kucheka, kicheko kikawa kinamuuma mbavu zilizopigwa mateke, akawa anacheka huku anajishika. "Na soksi!"

"Na soksi. Sasa sema."

Akasema. Tangu alipokuja alikuwa anaangalia dirishani jinsi yule mchi mweusi unavyocheza. Anasema hajawahi kuona kitu kama kile, chuma kinachofanya kazi bila hasira. Ijumaa, wafuaji walipotoka, akaingia. Akatumbukiza shuka, akavuta kitufe kama alivyoona wakivuta. Mchi ukacheza. Maji yakageuka. Shuka likawa safi, lakini maji yakawa kama machinjioni, na hakujua yanamwagwaje. Akakimbia na shuka, akaanika, akakaa.

"Mchi ulikuwepo ulipotoka?"

"Ulikuwepo. Ulikuwa unacheza bado. Nilirudisha kitufe, ukasimama."

"Kisha nani aliingia?"

"Sikuona. Nilikipa chumba mgongo, nilikuwa naangalia geti watu wasije wakaniona." Akashusha sauti. "Lakini kuna kitu. Utasema mimi nina wazimu."

"Sema."

"Alitoka mama mmoja na kichanga mgongoni. Kajifunika kanga mpaka machoni, sikumwona uso. Mtoto naye kafunikwa chote. Nikasimama, nikamwomba asimame kidogo, nikatema mate kumbariki yule mtoto. Kwetu kichanga kinabarikiwa hivyo. Na mimi wangu sijapewa, nikasema nibariki hata wa mwenzangu. Sasa kwa chini, pale kwenye kitambaa, niliona visigino vinasukuma." Akainua vidole. "Vitatu. Na unyevu mwekundu, kama katoka kuzaliwa sasa hivi."

"Vitatu?"

"Vitatu. Nilimhurumia sana. Nikatema tena."

"Yule mama alisema nini?"

"Hakusema. Alisimama tu kama nguzo ya simu, nilipomaliza akaenda."

Mhina alitoka mle anajikuna kichwa. Akajisemea, huyu kapigwa kichwani.

Jumamosi asubuhi akarudi kliniki kumtafuta fundi. Fundi wa mashine alikuwa Simeo, Mshambaa mfupi, mbishi, spana mfukoni hata kanisani. Na spana yake, sikiliza hii, ilikutwa sakafuni karibu na Bibi! Tena Chausiku alishamwambia Mhina kwamba wiki ile ile alimsikia Simeo akifoka: bora Bibi avunjike kuliko kupelekwa huko vumbini.

"Ulisema?" Mhina akamuuliza.

"Nilisema! Nitakataa? Kule watamuua kwa mchanga, afande. Nani huko anajua kumtunza?"

"Na spana?"

"Spana yangu ina mwezi iko mle, wale mama wanafungulia kizibo cha juu ya mchi. Muulize Bi Mwantumu, kila Ijumaa anaazima, harudishi."

"Niambie, mchi unatokaje?"

Simeo akachangamka. Ukimgusa hapo umempata. "Unafungua kizibo, unainua. Lakini unainuka kama tu umezoeshwa kutolewa! Ukiuacha muda mrefu, sabuni inaingia kwenye meno, chuma kinaota kutu, vinashikana kama ndoa ya kanisani. Hapo unamwaga maji ya moto, unafunga kamba chini ya mapezi, mnavuta watu wawili mnatukanana. Na unaweza kuuvunja."

Wakaingia kumwangalia Bibi. Maji yalikuwa bado hayajamwagwa, Mhina alikataza. Simeo akainama kwenye chuma cha meno.

"Haukuvutwa kwa nguvu," akasema. "Hakuna mkwaruzo. Na hebu ona, kimepakwa mafuta."

"Grisi yako?"

"Yangu nyeusi, nampaka Kijana kwa chini. Hii siyo."

Mhina akanusa. Akarudi miaka thelathini nyuma, kichwani mwa bibi yake: mafuta ya nyonyo! Yale yanayokamuliwa nyumbani, ya kupaka nywele na vichanga. Kile chuma kilipakwa vizuri, jino kwa jino, kwa kidole, mpaka kinang'aa. Na hakina hata tone jekundu juu yake.

Sajini Mhina akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Fikiria na wewe. Mwizi kaingia. Kakuta maji kama damu, hakukimbia. Kang'oa mchi. Muda wowote mtu anaweza kutokea mlangoni. Halafu kabla ya kutoroka kakaa akakipaka mafuta kile chuma kilichobaki wazi, kisije kikashika kutu!

"Mwizi gani huyu, Simeo?"

"Huyo si mwizi," Simeo akasema taratibu, kofia kavua bila kujua. "Huyo ni mtu anayempenda Bibi kuliko mimi."

Mhina akamwita Bi Mwantumu nje, kwenye kivuli cha ukuta.

"Mama, nani huwa anapaka mafuta ya nyonyo pale?"

"Mimi. Kila Ijumaa naung'oa mchi, nafuta sabuni, napaka, narudisha. Simeo na grisi yake ananichafulia mashuka."

"Na Ijumaa hii ulipaka?"

"Hii sikuwahi. Nilikwenda nyumbani Kilole kuswali, nikarudi nikakuta kelele."

"Asante mama."

Akamfuata Sista Raheli, mkuu wa wodi, mwanamke wa sauti kali na viatu vyeupe.

"Sista, jana mchana mama gani aliruhusiwa kwenda na mtoto?"

"Hakuna. Wote niliowazalisha wiki hii wako vitandani, nenda kawahesabu."

"Hata mmoja wa kuja kutembelea, na kichanga?"

"Afande, kichanga cha chini ya arobaini kitatolewa nje kije kutembea? Akina mama wa hapa hata kukifunua mbele ya mtu hawakifunui, wanaogopa kijicho. Mimi mwenyewe nikitaka kukipima naanza kubembeleza."

Mhina akatembea mpaka ukumbini. Jumamosi ilikuwa siku ya kupima uzito, akina mama wamejipanga mpaka nje, watoto migongoni. Akasimama kuwaangalia bila sababu. Na akaona kitu ambacho mimi na wewe tumekiona tangu tuzaliwe na hatujawahi kukiona.

Wote walikuwa wanatikisika. Foleni nzima! Aliyekuwa anaongea anatikisika, anayelipa karanga anatikisika, hata yule ambaye mtoto kalala fofofo, magoti yanakwenda, kiuno huku, kiuno kule. Hakuna mama mwenye mtoto mgongoni anayesimama kama nguzo ya simu. Hakuna, dunia nzima.

Ila kama alichobeba hakilii.

Mhina alirudi mbio chumba cha kufulia, kitambi kinaruka, akafungua kifuniko cha Kijana. Mapezi manne. Akakumbuka alivyoelezwa mchi wa Bibi: chini una mapezi matatu mapana. Parit hakuwa na wazimu! Mchi wa Bibi ulitoka getini mgongoni, umefunikwa kama kichanga, unachuruzika maji mekundu, na hakuna binadamu wa pale angethubutu kusema funua nione. Mlango mzuri kuliko wote wa kupitisha kitu, na hakuna aliyewahi kuufikiria.

Jumatatu asubuhi lori likafika kutoka Handeni, dereva anapiga honi. Watu tena wamejaa uani. Mhina akaingia chumba cha kufulia na Parit, pingu mikononi, akawaita Simeo, Sista Raheli, Chausiku na Bi Mwantumu. Akafunga mlango.

"Kwanza," akasema, "hayo maji ni udongo. Huyu kijana aliingia humu kwa shida zake, hilo nimelimaliza mimi na yeye. Alipotoka, mchi ulikuwepo."

"Basi ni Simeo!" Chausiku akaropoka. "Spana si yake!"

"Simeo angepaka grisi nyeusi. Aliyeung'oa alipaka mafuta ya nyonyo, alipomaliza kuiba. Nimefanya kazi hii miaka mingi, sijaona. Mwizi anayefanya hivyo anajua atarudisha, na hawezi kuvumilia kutu hata siku moja." Akavua kofia. Akamgeukia yule mama, sauti ikashuka. "Bi Mwantumu. Mtoto anaendeleaje?"

Honi ililia nje. Bi Mwantumu alikuwa anaangalia mikono yake.

"Hajambo," akasema. "Kalala chini ya kitanda changu."

"Mama!" Chausiku akashika mdomo.

"Usiniite mama, tulia. Afande, unamjua mdogo wangu Zuena?"

"Simjui."

"Huwezi kumjua. Kabla ya Bibi kuja tulikuwa tunafulia mtoni Pangani. Mashuka ya uzazi, yana damu, na damu inaita mamba. Tulikuwa mimi na Zuena, tunakamua shuka moja, yeye ncha ile, mimi ncha hii. Likavutwa. Nilidhani ananitania. Nikamwambia, Zuena, acha utoto." Akakunja ngumi kama bado kashika ncha. "Nilibaki na shuka."

Chausiku akasogea akasimama karibu naye.

"Akaja Bibi. Tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa kliniki hii aliyeshuka mtoni. Sasa mnasema anakwenda, tubaki na Kijana, anayechana. Tutafua na nini? Si tutarudi kule kule? Chausiku huyu ndiye atashika ncha ya pili. Nikasema, wakikuta Bibi hana mchi watamwacha, watamchukua Kijana. Lori likiondoka, naurudisha."

"Na huyu?" Mhina akamwonyesha Parit. "Huyu walikuwa wanamuua, mama. Ulikuwepo. Ulinyamaza."

Bi Mwantumu akainua macho, akayashusha. "Nilinyamaza. Nilijua maiti haipo, nikajipa moyo watamwachia. Halafu Jumamosi nikasema kesho nitasema. Jumapili nikasema kesho." Machozi yakaanza. "Tena alikibariki. Alitema mate kwenye mchi wangu akasema ukue, uzae. Nimeyasikia hayo maneno kila nilipofumba macho."

Sista Raheli akajipangusa pua na aproni. Simeo peke yake alikuwa hasikilizi, anaangalia Kijana kwa jicho la mashaka.

"Simeo," Mhina akamwambia, "mara ya mwisho uliung'oa lini mchi wa huyu?"

Simeo akakohoa. "Wa Kijana? Huyu… huyu alikuja hivi hivi kutoka shamba la mkonge. Nampaka grisi kwa chini."

"Hujawahi kuung'oa."

"Nani aung'oe? Bi Mwantumu hamtaki, na mimi hawanipi muda!"

"Chausiku, chemsha maji."

Wakamwaga maji ya moto. Wakafunga kamba ya mkonge, ile ile aliyofungwa Parit, chini ya mapezi manne. Simeo akavuta. Mhina akavuta. Wakatukanana kidogo. Parit akanyoosha mikono yenye pingu, akashika kamba, mkwavyu! Mchi ukachomoka, wote watatu wakaanguka chali.

Jamani! Chini ya ule mchi kulikuwa na uvundo wa miaka. Sabuni imekuwa jiwe. Nyuzi za mkonge, vifungo vya kaptula za Mzungu. Na pembeni, chini ya pezi moja, pini ya nepi, imefunguka, imenasa, ncha imechomoza nje kama ukucha wa paka.

Simeo akaishika juu, juani.

Wakakwangua. Simeo akapitisha tupa na msasa kwenye kingo zilizopasuka za yale mapezi mpaka yakawa laini kama kijiko. Bi Mwantumu akatoa kichupa cha nyonyo kifuani, akakipaka chuma jino kwa jino, kama anayemwogesha mtoto. Wakarudisha. Likatumbukizwa shuka jeupe, Kijana akawashwa. Bado ana papara yake, tatatata, lakini shuka lilizama, likaibuka, likazama. Chausiku akalitoa, akalikung'uta, akalipitisha usoni kulitafuta tundu.

"Halina tundu," akanong'ona. "Mama, ni zima!"

Bi Mwantumu alishika ukingo wa ile mashine ndogo kwa mikono miwili. "Muda wote huu," akaiambia, "nakutukana, kumbe una mwiba."

Chausiku alitumwa Kilole, akarudi na ule mchi mweusi kwenye kanga yake, yenye madoa mekundu yaliyokataa kutoka. Bibi akamwagwa maji, akasafishwa, akavalishwa, akachezeshwa mlango wazi ili watu wote waone: maji meupe, mchi mweusi, kiuno huku, kiuno kule. Wale waliopiga mateke walisimama wanaangalia viatu vyao. Dereva wa lori alisahau hata honi. Bibi akapakiwa kwenda Handeni, Simeo akapanda naye akawaonyeshe wa kule kumtunza.

Mhina akamfungua Parit pingu. Akabaki nazo mkononi. Mkubwa wake kashasema, leo mtu anakwenda Tanga. Na mtu yupo, kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono kaiweka tayari magotini, pamoja, kama anayesubiri.

"Parit," Mhina akasema, "mbavu zilizopigwa ni zako. Nitamfanya nini?"

Parit akatoka. Alikuwa kavaa lile shuka lake safi, na Sista Raheli safari hii alimshikia mlango wa wodi. Akarudi na Nailantei anatembea polepole nyuma yake, na mkononi ana mwanawe, kitu kidogo kimekunja uso. Akasimama mbele ya Bi Mwantumu.

"Yeyo," akamwambia, yaani mama, kwa Kimasai. "Geuka."

Yule mama akageuka bila kuelewa. Parit akamweka mtoto mgongoni, Nailantei akaokota ile kanga yenye madoa, akamfunga nayo. Kichanga kikaanza kulia kwa nguvu zote za Handeni.

Na Bi Mwantumu, macho yamejaa, magoti yakaanza yenyewe. Kiuno huku, kiuno kule. Kiuno huku, kiuno kule. Mtoto akanyamaza.

Sajini Mhina alisimama pale mlangoni, pingu zinaning'inia kidoleni. Parit kashajibu, lakini mkubwa bado anasubiri mtu. Mama kakosa, tena si kidogo: alinyamaza wakati mwenzake anapigwa. Akaziangalia pingu. Akamwangalia mama. Akaanza kuzirudisha mfukoni taratibu, zikaishia nusu, mkono ukagoma.

Sasa niambie, ungekuwa wewe ndiye Sajini, hizo pingu ungezimalizia kuingiza mfukoni, au ungezitoa?